Vifaranga wa Mama Veneranda

"Anko, umewahi kupotea?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la pili, nimekaa kwenye bodi ya toyo yake, ile pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo. Anko Leodgar alicheka, akasema dereva wa mtaa wetu wa Cheyo akipotea, basi ujue mji ndio umehama. Nikashushwa kabla sijauliza tena.

Oktoba iliyopita dada Ummy wa duka la pembejeo alimpakilia maboksi matatu ya vifaranga wa siku moja, awapeleke mbele kidogo ya kijiji cha Goweko kwa mjane mmoja, Veneranda, ambaye ugonjwa wa mdondo ulimfagilia kuku wote mwaka juzi. Ummy alimwambia wazi kwamba dereva aliyemtangulia aliwafikisha wamekufa, na tangu siku hiyo hajapewa hata mfuko wa pumba. Kisha akamrushia ile alama ya ramani aliyoituma Veneranda kwa simu.

Hadi Goweko, Leodgar hakuihitaji. Njia ile babu zake waliipita wakiwa wapagazi, naye anaijua kwa miembe mikongwe na kwa mashimo yake. Baada ya hapo akaiwasha ramani, akawa anasikiliza vitu viwili: sauti ya kike inayoelekeza njia kwenye simu, na vifaranga nyuma yake. Maadamu wanapiga kelele, ni wazima. Jua lilikuwa kali. Akipunguza mwendo kwenye mchanga, upepo unakatika ndani ya maboksi. Akiongeza, maboksi yanarushwarushwa. Hakujua lipi litawaua upesi zaidi.

"Umefika," simu ikasema.

Mbele yake palikuwa na kichuguu. Kirefu kuliko nyumba, miti ya miyombo pande zote, hakuna banda, hakuna mbuzi, hakuna mtu. Alikizunguka kama vile nyumba imejificha nyuma yake. Akampigia Veneranda: hapatikani. Akarudia: hapatikani. Ndipo alipoona vocha zilizokwanguliwa zimezagaa chini, na vidato vilivyochongwa kwenye udongo hadi kileleni, vimelainishwa na nyayo za watu. Akaelewa. Watu wa huku hupanda hapa kutafuta mtandao. Veneranda alipoambiwa atume mahali alipo, alituma mahali alipokuwa amesimama.

Vijia kadhaa vilitoka pale, vyote vimekanyagwa sawasawa. Akajaribu kimoja, kikamfikisha kwenye kisima kikavu. Aliporudi kichuguuni, boksi la chini lilikuwa limenyamaza. Akalifungua, akakuta midomo iko wazi, akawalowanisha kwa maji yake ya kunywa.

Kilichobaki ni mwano. Kwetu Unyamwezini, ukipiga yowe lile la hatari, kila anayelisikia anatupa jembe na kukimbia, maana huenda ng'ombe wameibwa au mtu ameuawa. Ukilipiga bure, sungusungu, walinzi wa kijiji, wanakutoza faini. Na mgeni mwenye toyo porini anaweza asipate hata nafasi ya kujieleza. Leodgar aliyajua hayo tangu utotoni. Akapanda kichuguu, akapiga.

Walitokea pande zote, na marungu, na mapanga. Kiongozi wao, mzee Lugembe, alikuwa anahema.

"Mwizi yuko wapi?"

"Shikamoo, mzee." Hakuitikiwa. "Hakuna mwizi. Nina vifaranga wa Mama Veneranda, wanakufa."

Mmoja nyuma akataka kujua kama ni kweli ameacha shamba lake kwa ajili ya kuku ambaye hata mchuzi hatoi. Wengine wakacheka. Lugembe hakucheka, alikuwa bado ameshika rungu. Hapo Veneranda akachomoza na jembe begani, naye amekuja kumsaka mwizi. Alipoyaona maboksi, jembe likamponyoka.

"Lakini nilituma ramani, baba."

"Umenileta kwenye kichuguu, mama."

"Sasa nyumbani ningeitumaje? Mtandao hakuna."

Lugembe akaliangalia boksi la chini. Akaweka rungu, akajitwika boksi lile mwenyewe, akawaamuru vijana wabebe mengine na kukimbia. Kwa Veneranda, banda lilikuwa tayari, na maji. Robo ya boksi la chini hawakuamka. Waliobaki walikunywa.

Faini alitozwa vilevile, papo hapo: kusomba matofali ya ofisi ya sungusungu mpaka jioni. Alisomba, na kila raundi alichungulia bandani.

Mwezi uliopita Veneranda aliagiza tena, na Ummy akampa Leodgar mzigo. Siku hizi Leodgar humuuliza kila mteja kwanza: hapo uliposimama kutuma ramani, unaliona paa lako?

Juzi alipokuwa anapakia nikamkumbusha swali langu. Niko kidato cha tatu sasa. Safari hii hakucheka.

"Mara moja," akasema, anakaza kamba. "Na simu ilikuwa inaniambia nimefika."