Adow na Uso wa Isnino

Wapo waliosema Adow ni mwendawazimu. Wallahi walimwonea! Mwendawazimu hana mpaka, na Adow alikuwa na mpaka wake: hachori chenye roho. "Siku ya mwisho nitaambiwa nikitie uhai," alisema, "na uhai nitautoa wapi mimi?" Basi akachora vilivyokwisha kufa. Wino alijipikia, mkaa na utomvu wa mgunga, ule ule ambao watoto wa duksi, chuo cha Kurani, huandikia mbao zao. Alichora fuvu la ngamia lililoota nyasi machoni, mbavu za ng'ombe zilizotambaliwa na mizizi. Nzi waliojaa juu ya mzoga hakuwachora. Nzi yu hai, ati! Watu pale Garissa walikufa kwa kicheko.

Mkewe, Isnino, alimsumbua mara nyingi. "Mume gani wewe, unachora mzoga wa punda na mimi unaninyima?" Adow alikataa katakata. Hata picha ya kamera hakuwa nayo Isnino, na kipande cha utambulisho, chenye picha, aliomba mara mbili asipate.

Mwishoni mwa tisini na saba ikanyesha mvua ambayo hata wazee hawakuwahi kuiona. Mto Tana ukafurika, na maji yalipotulia mifugo ikaanza kufa. Asubuhi moja mbuzi wao mkubwa akaanguka, akitoka damu puani. Akifa mwenyewe ni nyamafu, na nyamafu ni haramu. Adow akakimbia na kisu, bismillahi, akamuwahi. Furaha ilioje! Isnino akamchuna, naye alikuwa na kidonda kidoleni. Siku ya nne homa ikampanda. Siku ya saba ufizi ukatoka damu, macho yakawa mekundu, na kabla ya adhuhuri akafariki. Kisu kile alikishika Adow mwenyewe, na hilo hakuna aliyehitaji kumkumbusha.

Isnino alimwachia binti wa miaka mitano, Hodo. Miezi ikapita. Siku moja, Adow akimsuka nywele vibaya kama wanaume wanavyosuka, mtoto akauliza, "Aabo, Hooyo alikuwa na uso gani?"

Adow alidhani hakusikia vizuri. "Umemsahau mama yako?"

"Nakumbuka mkono," alisema Hodo. "Uso umeondoka."

Lo, maskini! Adow aliumia kuliko siku ya mazishi. Kama asingefanya haraka, mtoto angebaki na mkono tu. Na sasa mpaka wake haukumzuia tena, maana Isnino naye alikuwa miongoni mwa wafu.

Akaketi na kalamu. Mkono uliozoea mizoga kwa miaka kumi na mitano haujui kitu kingine. Kila alipoanza shavu, likaingia ndani likawa shimo. Kila alipochora mdomo, meno yakatokea. Alichana karatasi tisa akilia waziwazi. Ya kumi akaipeleka kwa Ifrah.

Ifrah alikuwa binti aliyefanya kazi katika ofisi moja ya mifugo mjini. Adow alikuwa akiwachorea mizoga ya kuwaonya watu wasiiguse, naye Ifrah akiipitisha kwenye skana na kuitia rangi kwa kompyuta. Isnino mwenyewe Ifrah hakuwahi kumwona.

Ifrah aliitazama karatasi. "Adeer," alimwita kwa heshima, kama amu yake, "huyu amekwisha kufa."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Ifrah akajaza mashavu, akafunika meno kwa midomo. Akauliza rangi ya ngozi, Adow akamjibu. Akauliza ya shela, akamjibu. "Na macho, Adeer?"

Adow akafikiri, akafikiri. Aliyoyaona ni yale mekundu ya siku ya saba, basi. "Tia unavyoona," akasema.

Mashine ikatoa mwanamke mzuri, mwenye macho ya hudhurungi na tabasamu dogo. Mzuri kweli. Lakini hakuwa Isnino, wala hakufanana naye hata kidogo. Adow aliitazama picha ile njia nzima, akinuia kuichana kabla ya kufika nyumbani. Hodo akamkimbilia mlangoni, akaipokea kabla hajaamua.

Mtoto aliitazama muda mrefu. Akagusa macho, akagusa mdomo. Kisha akaikumbatia picha kifuani.

"Ndiye, Aabo," akasema. "Sasa nimemkumbuka."

Adow akamwitikia kwamba ndiye.