Kucha za Zeyana

Mtaani kwetu Malindi kila mtu ni jaji. Muulize muuza kahawa, muulize mchoma mishikaki, atamfunga mtu asiyemjua hata jina, na miaka haionei uchungu kuigawa. Siku Kheir alipohukumiwa miaka kumi na miwili kwa kumuua mkewe, Zeyana, mtaa mzima ulikuwa umeshamnyonga. Waliokwenda mahakamani kuisikiliza kesi yenyewe, tangu mwanzo hadi mwisho, tulikuwa wawili tu: mimi Radhiya, na shangazi yangu Bi Kidawa, muosha maiti.

Shangazi ameosha wanawake wa mji huu kwa miaka thelathini na moja. Mikono yake hunuka kafuri hata akikanda chapati, na watoto hawampi mkono wa Idi mpaka wasukumwe. Ni mkali. Akiwa kazini hataki kilio wala umbea, na mimi ninayemmiminia maji, nikiitetemesha kata hunipiga kofi la mgongo. Alilonifunza kwanza si kuosha, ni kunyamaza. Uliyoyaona mwilini mwa maiti, nenda nayo kaburini kwako.

Zeyana tulimuosha Jumanne kabla ya adhuhuri, katika ua wa nyumba yao. Kheir alisema mkewe kateleza ngazini. Kweli ngazi za nyumba zetu za mawe zimesimama wima, na kibali cha kuzika kilipatikana kwa maneno hayo hayo. Lakini sisi majirani tulikuwa tukimsikia Kheir akipiga. Tulikisikia kichwa cha Zeyana kikigonga ukuta wetu, tukaongeza sauti ya televisheni. Nalisema hili kwa aibu.

Alikuwa amepasuka kisogoni hadi mfupa unaonekana. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba kwa uvimbe, na shingoni, huku na huku, zilikuwepo alama nyeusi za vidole. Shangazi akazitazama, akanitazama na mimi. Nje ya pazia alikuwa Jecha, kaka yake Zeyana.

"Bi Kidawa, fanyeni upesi. Watu wanangoja, jeneza lishafika."

Mara tatu alihimiza hivyo. Shangazi akazungushia pamba kijiti, akasafisha kucha zote za mikono, moja baada ya moja, kama anavyomfanyia kila maiti. Chini yake mlikuwa na damu na vipande vidogo vya ngozi. Pamba ikatupwa kwenye karo la uani, mimi nikamimina maji, vyote vikateremka.

Siku tisa shangazi alikuwa akiacha chakula sahanini. Siku ya kumi akavaa buibui.

"Yule mtoto kapigana," akanambia. "Kampapura mtu mpaka kamtoa ngozi. Nnakwenda polisi."

Mpelelezi aliyepewa kesi, Inspekta Rahila, alikuwa binti mdogo mwenye kompyuta mapajani, nami nikamdharau. Haikupita wiki mbili akawa na taarifa za simu: Kheir aliapa kwamba saa ile alikuwa Chukwani kwa fundi wa gari, kumbe simu yake ilikuwa Malindi. Akapata na picha za kamera ya duka la jirani, Kheir akitoka nyumbani kwake, mikono ya shati ameivuta hadi viganjani na jua kali. Alipooneshwa, Kheir akageuza maneno, akasema: Tuligombana, nikamsukuma, akaanguka, sikukusudia. Kaburi likafukuliwa kutazamwa ile shingo, lakini ardhi na joto vilikuwa vimeshafanya kazi yao. Alama hazikuwepo tena.

Likabaki neno la shangazi. Akapanda kizimbani, akasema aliyoyaona, jambo ambalo katika miaka yake yote hakuwahi kulifanya. Wakili wa Kheir hata hakupandisha sauti.

"Bi Kidawa, hiyo ngozi ya chini ya kucha iko wapi?"

"Nliisafisha."

"Ikenda wapi?"

"Ikenda na maji."

Jaji alisoma hukumu taratibu. Kwamba Kheir ndiye aliyemuua, hana shaka. Kwamba alikusudia kuua, shaka ipo, kwa kuwa la kukabwa limebaki neno tupu, na shaka ni haki ya mshitakiwa. Mlangoni Rahila akamshika shangazi bega. "Siku nyengine, Bi Kidawa, usiguse kitu mpaka nifike."

Tulipofika mtaani habari ilikuwa imetutangulia kwenye simu. Jaji kahongwa, na aliyempelekea mzigo wa fedha ni Mcha, mdogo wake Kheir, hamali wa bandarini, masikini ya Mungu ambaye hata viatu vya kazi huazima. Nilipowaambia alivyosema jaji, nikajibiwa kuwa mimi siijui dunia. Lisemwalo lipo, wakasema.

Alasiri wakamvamia Mcha akirudi kazini. Jecha alikuwa mbele, ameshika nondo. Pigo la kwanza lilimvunja taya. Akaanguka kifudifudi, wakamkanyaga mgongo, mmoja akanyanyua jiwe la ukuta akamwangushia gotini, na nikausikia ukelele wake mpaka jikoni, nikakimbilia dirishani. Nyuma yao watu wamenyanyua simu, wanapiga picha. Mcha akajikokota hadi kwenye kizingiti chetu, anatema damu na meno. Shangazi akafungua mlango, akamvuka, akasimama mbele yake.

"Mnamtaka aliyemwokoa Kheir na kitanzi? Ndiye mimi. Ushahidi ulikuwa chini ya kucha za Zeyana, na mkono huu ndio ulioufuta. Jaji hakula kitu."

"Ondoka, Bi Kidawa," alisema Jecha. "Hawa wameila damu ya dada yangu."

"Dada yako kapigwa miaka mitatu, hukuja. Kafa ndiyo ukaja, ukasimama nje ya pazia unanihimiza. Mara tatu, Jecha. Na mimi nikakutii."

Jecha akapiga. Nondo iliupata ule mkono wa kulia alioukunjua mbele yao, na mfupa ulilia kama ukuni mkavu. Akanyanyua tena. Shangazi akamdaka mkono kwa kushoto, akamng'ang'ania, kucha zikamchana kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, hata hivyo pigo likamshukia begani akapiga magoti. Hapo nondo ikamtoka Jecha mkononi, ikaanguka juu ya mawe. Katika wale wanaume hakukuwa na hata mmoja ambaye maiti wa kwao hakuoshwa na mkono ule. Wakatawanyika. Jecha akabaki amekaa chini, analia kwa sauti.

Mcha alichukuliwa hospitali akiwa hai. Shangazi akakataa kuondoka. Nikampigia Rahila, kisha nikaleta bakuli la maji ya uvuguvugu na pamba. Majirani walikuwa wameshaanza kuhukumu upya: Jecha aachiwe, amefiwa, ni hasira tu. Shangazi alikuwa ameketi kizingitini, mkono uliovunjika umelala mapajani, na ule wa kushoto ameuinua mbali na nguo. Chini ya kucha zake mlikuwa na damu na vipande vidogo vya ngozi.

Nikachovya pamba.

"Weka chini," akasema.

"Shangazi, damu inakauka."

"Iwache ikauke. Rahila yuko njiani."

Nikaketi kando yake, bakuli miguuni, na maji yakapoa.