Lenzi Ninayo Mimi, Kamera Anayo Shemeji

Admin, jina langu lifiche, ingawa shemeji yangu akisoma hapa atanijua tu.

Mimi ni mjane wa miaka thelathini na minne, naishi Mtanda, Lindi. Marehemu mume wangu alikuwa mpiga picha wa wanyama na ndege, na kazi hiyo akanifundisha na mimi. Tulikuwa na kamera moja yenye lenzi ndefu, nzito kama mchi. Kiboko akiwa ng'ambo ya mto unamwona mpaka ndevu.

Alipofariki, wazee wa upande wake walikaa sebuleni kugawa vitu. Mimi nilikuwa kwenye eda, chumbani. Nikamsikia baba mkubwa wake akisema, "Kamera achukue mdogo wake. Hiyo darubini mwachieni mjane." Darubini! Lenzi ilikuwa imefunguliwa, wakaona ni vitu viwili. Ningetokaje kuwaeleza mbele ya wanaume wote wale? Shemeji akaondoka na kamera kwenda kwake Rondo.

Sasa eda imeisha. Kambi moja ya watalii kule Kilwa inanitaka nikawapigie picha za ndege na viboko. Nikaenda Dar kutafuta bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Kijana wa dukani akaigeuzageuza lenzi yangu, akasema, "Dada, hii ya zamani. Bodi mpya inataka adapta ya kuiunganishia, na ndege akiruka utachelewa kumnasa. Iuze, chukua bodi mpya na lenzi yake, tena nyepesi." Kikazi alisema kweli. Lakini niliirudisha kwenye mkoba haraka kama vile anataka kuninyang'anya.

Nikampigia shemeji kumwomba ile bodi yetu. Akasema atafikiria. Baadaye akanitumia picha kwenye simu. Ni mimi, naanika nguo uani. Inaonekana shingo tu, sikio, na kibanio cha nguo nilichokibana mdomoni. Kumbe mume wangu, siku zake za mwisho, akiwa hawezi kunyanyuka, alikuwa anaiegemeza lenzi kwenye mto wa kulalia na kunipiga picha kupitia dirishani. Lenzi ya viboko! Mimi nilikuwa naisikia kamera ikilia, nikidhani anaijaribu tu, namwambia, "Pumzika mume wangu, utachoka."

"Ziko nyingi," shemeji akasema. Nikamwomba anitumie zote. Akanijibu, "Shemeji, mali ya kaka haiwezi kukaa nusu kwako nusu kwangu. Kubali nikuoe, vikae nyumba moja, picha utaziangalia mpaka uchoke." Na mke anaye, tena mwanamke mwema.

Tangu hapo, kila nikianika nguo nasikia ule mlio nyuma yangu. Nageuka, dirisha limefungwa, nimelifunga mwenyewe. Juzi nguo zimenuka kwenye beseni kwa kuogopa kutoka uani. Na siku nyingine, Mungu anisamehe, nalifungua dirisha makusudi, nasimama pale pale alipokuwa ananiona.

Kambi wanataka jibu wiki hii. Nikiiuza lenzi, kazi nimepata, ila shemeji ameapa akisikia imeuzwa anafuta picha zote. Ndoa yake siitaki hata kidogo. Lakini ndugu zangu, miaka yote nilidhani lenzi ile mume wangu anaitumia kutazama wanyama tu.

Nishaurini, nifanye nini? Na wewe shemeji, kama unasoma, nakuomba usizifute.