Shusha Mkono, Nitakurudia

Baba Mkubwa ni kaka wa marehemu baba yangu, na mpaka leo sijui nimweke fungu gani. Kuna siku namwona mtu wa maana kuliko wote waliowahi kushika chaki. Kuna siku namwona mjanja tu aliyejaliwa kuvaa tai vizuri. Nimekula mezani kwake tangu utotoni, nimesoma kwake chuoni, nimeingia ualimu kwa kumfuata yeye, lakini ukiniuliza mzee huyo ni mtu wa namna gani nitabaki kukuna kichwa. Wanaosema wanamjua vizuri siwaamini hata kidogo.

Wanafunzi walimwita Mkono Juu. Jina hilo alilipata katika shule yake ya kwanza, alipokuwa kijana mwembamba anayefundisha hesabu kwenye darasa lililobanana, mtoto wa katikati akitaka kwenda msalani analazimika kupita juu ya magoti ya wenzake. Siku hizo wakaguzi walikuja bila hodi. Walikaa nyuma ya darasa, kalamu mkononi, na walichokuwa wakiangalia zaidi ni mikono. Mwalimu akiuliza swali na mikono ikawa mingi, basi huyo ni mwalimu. Ikiwa michache, ajiandae kwa uhamisho wa mbali.

Baba Mkubwa akatunga mpango wake. Akawaambia watoto: nikiuliza swali mbele ya mgeni, wote mkono juu. Anayejua anyooshe wa kulia. Asiyejua anyooshe wa kushoto. Mimi nitachagua wa kulia tu.

Mkaguzi alipokuja akakuta darasa zima limenyoosha mikono, na kila aliyechaguliwa akajibu sawasawa. Akaondoka akitikisa kichwa kwa furaha. Huo ndio mwanzo wa sifa za Baba Mkubwa, na mimi nikisimuliwa habari hii utotoni nilicheka mpaka nikapaliwa na chai. Nilipokua nikaacha kucheka, maana niliona wazi kwamba mkaguzi wa watu alipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Lakini mpango ulikuwa na nusu ya pili, na hiyo ndiyo inayonivuruga. Akipita kati ya madawati, aliyenyoosha kushoto alimgongea dawati kwa kidole na kumwambia taratibu, "Shusha mkono, nitakurudia." Na kweli alikuwa anarudi. Wenzao wakitoka kucheza, yeye alijibana kwenye benchi na wale wa kushoto, akaanza somo upya bila haraka wala ukali, mpaka mkono uhamie kulia. "Asiyejua haaibishwi mbele ya mgeni," alikuwa akisema. "Mgeni akiondoka, ndipo tunafundishana."

Mwalimu wa darasa la jirani, aliyekuwa akiyasikia yote hayo kupitia ukuta, aliuchukua mpango ule akautumia kwake. Hatimaye akamchukua na mwenye mpango. Huyo ndiye Mama Mkubwa.

Kutoka hapo Baba Mkubwa alipanda haraka. Akawa mwalimu mkuu, akapelekwa masomoni, akarudi na shahada juu ya shahada, akawa profesa katika kitivo cha elimu. Mimi nilikuwa nimeketi katika ukumbi wake wa mihadhara siku aliposimama mbele, suti imemkaa, akatangaza, "Mwalimu anayewafundisha watoto kujifanya wanajua ni mwizi." Kalamu ikanidondoka. Wenzangu wote walikuwa wakiandika kwa kasi, na mimi nilikuwa nimemkodolea macho mwizi mwenyewe.

Jioni nilikwenda kwake moja kwa moja.

"Baba Mkubwa, mambo ya mkono wa kushoto si wewe uliyeyaanzisha?"

"Ni mimi."

"Sasa mbona umejiita mwizi mbele ya watu?"

"Wewe unaonaje?"

"Mimi ndiye niliyeuliza!"

"Vizuri. Na ukijiuliza wewe, unapata jibu gani?"

Nilitoka nikabamiza mlango. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ukimuuliza swali anakurudishia swali, na wanafunzi wake waliita hiyo falsafa. Mimi niliita kero, na sijabadili jina.

Mwishoni mwa utumishi wake akanichanganya tena. Angeweza kumalizia miaka yake chuoni kwa heshima, lakini aliomba apewe shule ya bweni iliyokuwa imeoza, mabweni yanavuja, walimu wanaingia darasani wakijisikia. Watu wakasema mzee amelogwa. Yeye alikwenda, akasimama getini kila asubuhi kabla ya kengele, akiwa na kipande cha chaki kwenye mfuko wa shati, kile ambacho Mama Mkubwa alikikuta kimelowa kila alipofua. Shule ikasimama tena. Alistaafu kutoka pale, si kutoka chuoni, na nilipomuuliza kwa nini, mnajua alichonijibu.

Baada ya kustaafu alikaa nyumbani akisahihisha magazeti kwa kalamu nyekundu. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuteleza, na siwezi kusema ni lini hasa. Unamuuliza, "Baba Mkubwa, nikuwekee sukari?" anakwambia, "Wenzako wanasemaje?" Akija mgeni, anamkaribisha kiti kisha anasema, "Haya, nikumbushe, tulifika wapi?" Wageni walifurahi sana. Walijieleza mwanzo mpaka mwisho, jina, kazi na walikokutana naye, kisha wakaondoka wakisema kichwa cha Profesa bado kinachemka. Nami nilikubaliana nao. Mtu aliyeishi maisha yake yote akijibu swali kwa swali, utamjuaje siku ambayo hana jibu?

Siku moja nilikuwa namkata kucha. Akaniangalia kwa upole akaniuliza, "Na baba yako hajambo?"

Baba yangu alikuwa amekufa kitambo, na Baba Mkubwa ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Nilidhani ananipima, maana yeye na mitihani hawaachani. Kisha nikadhani ameteleza ulimi. Nikajibu, "Hajambo," halafu nikajichukia jioni nzima.

Nilimfuata Mama Mkubwa jikoni.

"Mama Mkubwa, mzee hayuko sawa."

"Amechoka tu. Mwache apumzike."

"Mficha maradhi..."

"Kilio kitamuumbua. Methali hiyo nimeifundisha wewe hujazaliwa. Chukua birika, umimine chai."

Nikamimina chai. Nilikuwa na hasira naye, na zaidi nilikuwa sijui kama nina haki ya kuwa na hasira.

Tukiwa katika hali hiyo, akaja Mkandarasi. Huyu ni mwanafunzi wa lile darasa la kwanza kabisa, mtu wa mwili mkubwa na kicheko kikubwa zaidi, na tangu kuzaliwa anatumia mkono wa kushoto. Mnaona tatizo lake. Alikuwa anajua majibu, lakini swali likiulizwa mkono wa kushoto ulikwishapaa wenyewe kabla hajakumbuka masharti. Hakuchaguliwa hata siku moja. Badala yake alirudiwa kila mapumziko, akafundishwa tena mambo anayoyajua.

"Nilisoma kila kitu mara mbili!" alituambia sebuleni, akijipiga paja. "Wenzangu walisoma mara moja, ndiyo maana leo nawaajiri."

Amejenga shule yake mwenyewe, na alitaka mkuu wa shule awe Mkono Juu, hata kwa miaka michache tu, ili wazazi wapate imani.

"Na wewe unaona nafaa?" Baba Mkubwa akamuuliza.

"Sana, Mwalimu!"

"Basi umeshajijibu."

Mkandarasi akaruka kwa furaha, akaenda kuita bodi. Mimi nilimwangalia Mama Mkubwa, naye akawa anakunja kitambaa cha meza ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa. Usingizi ulinipaa wiki ile. Nikifumba macho nilimwona mzee amesimama mbele ya watoto wa watu asijue yuko wapi, wazazi wakinong'onezana, jina lote alilolijenga likiishia kuwa kichekesho cha getini. Nikitaka kusema, nasema nini? Kwamba profesa amejibu swali kwa swali? Alikuwa akinipa ushahidi wa pande zote mbili. Asubuhi anakokotoa hesabu za kodi ya nyumba kichwani bila kukosea, mchana anatafuta miwani aliyoivaa.

Siku ya kikao tulikwenda wote watatu. Jengo lilikuwa bado linanuka rangi, viti vina nailoni zake, ukikaa vinapiga kelele. Walikuwepo wajumbe wa bodi na wazazi wachache waliovalia vizuri. Baba Mkubwa aliketi mbele, suti ileile, chaki mfukoni. Mkandarasi alisema mengi mazuri, kisha akaamua kumalizia kwa utani.

"Sasa Mwalimu, leo swali nauliza mimi. Uko tayari kutuongozea shule hii? Mkono juu!"

Watu wakacheka. Baba Mkubwa alitazama nyuso zile, akatazama ubao mpya usio na kitu, akanitazama mimi. Kisha akanyoosha mkono. Aliunyoosha vizuri, kiwiko kimekazwa, kama alivyowafundisha wengine.

Ulikuwa wa kushoto. Wa kulia, mzima kabisa, ulikuwa umelala gotini.

"Amekubali!" Mkandarasi akapiga kelele, na makofi yakaanza.

Nami nilipiga makofi, Mungu anisamehe. Sikujua ninachokiona. Labda wa kulia ulikuwa na ganzi, labda anatania, labda ni mkono tu. Nilikuwa bado napiga nilipomwona Mama Mkubwa akiinuka. Alipita kati ya viti polepole, kama mwalimu apitavyo kati ya madawati, akafika alipokaa mumewe, akagonga mkono wa kiti kwa kidole.

"Shusha mkono," akamwambia, "nitakurudia."

Akaushusha pale pale. Uso ulimlegea, akapumua kwa nguvu, na nikajua kwamba alikuwa ameubeba mzigo ule peke yake muda mrefu.

Mama Mkubwa akawageukia watu. "Profesa anashukuru sana. Kazi hii hataifanya. Mtafute kijana mwenye nguvu."

Mkandarasi akautazama mkono wake mwenyewe wa kushoto, ulioshika karatasi za hotuba, akamtazama mzee, macho yakamjaa maji.

"Mwalimu," akasema akimgeukia Mama Mkubwa, "kumbe..."

"Kumbe nini? Kaa chini."

Akakaa, kiti kikapiga kelele. Mzazi mmoja akasema kwa sauti kwamba huo ndio unyenyekevu wa wasomi wa zamani, na wengine wakaitikia. Hakuna aliyejua zaidi ya hapo.

Tulipofika nyumbani na mzee ameingia ndani, sikuweza kujizuia tena.

"Ulijua tangu lini?"

"Mapema kuliko wewe."

"Na hukuniambia! Mimi naumiza kichwa, najiona mwehu, nawe unanimiminisha chai!"

"Wageni walikuwa hawajaondoka."

"Wageni gani? Tulikuwa sisi tu."

Alinitazama tu, na nikaelewa kwamba katika hesabu zake hata mimi nilikuwemo. Iliniuma, sitadanganya. Nikachukua mkoba wangu niondoke.

"Rudisha mkoba," akasema. "Leo wewe si mgeni. Njoo ukae, nitachoka peke yangu."

Baba Mkubwa alikuwa sebuleni na gazeti lake, jua la alasiri limeingia mpaka kwenye zulia. Mama Mkubwa akavuta kiti, akakaa mbele yake magoti yakigusana, akalitoa lile gazeti mikononi mwake.

"Haya, nimekurudia," akamwambia. "Tuanze na rahisi. Mimi ni nani?"

Mkono wa kulia ulipanda haraka. Nikashusha pumzi. Halafu, kidogo kidogo, na wa kushoto nao ukapanda, ikawa mikono yote miwili iko juu, naye anatutazama kwa zamu na tabasamu ambalo sikujua ni la utani au la kuomba radhi.

Mama Mkubwa aliushika ule wa kushoto, akaushusha, akauweka mapajani mwake asiuachie.

"Huu tutaurudia kesho," akasema. "Huo mwingine nijibu."

Alisikiliza kama vile kuna kitu nyuma ya ukuta.

"Mwalimu wa darasa la jirani," akasema.