Siku Mukami Alipoficha Sahani

Mpaka leo mshtuko ule haujaniisha. Mukami, jirani yangu mshona nguo hapa mtaani Jericho, alihangaika mwaka mzima akiomba ukumbi wa mtaa, ili familia zisizojiweza zipate Jumamosi moja ya kucheza, kula na kucheka. Msimamizi wa ukumbi alikubali shingo upande. Usipojaa, alisema, hamtaupata tena.

Basi tukapika pilau, sahani tukakodi. Mukami akapita mlango kwa mlango akiwaambia watu, "Njooni tu, msilete chochote. Kila kitu ni bure."

Mchana ulifika, hakuja mtu. Hata mtoto! Jamani, muziki unalia, pilau inapoa, na sisi wawili tumesimama pale kama wafiwa. Niliwaka. Watu gani hawa wasio na shukrani? Nikapanda ngazi hadi kwa Awuor, anayefulia watu nguo kule mtaa wa Fedha, maneno yangu yakiwa tayari mdomoni.

Mlango ulipofunguliwa nilipigwa na butwaa. Watoto wake wote walikuwa wameketi kitandani, wameoga, wamepakwa mafuta, viatu miguuni.

"Awuor, sasa mnangoja nini?"

"Mama Vivian, tungeingia aje mikono mitupu?" Hakunitazama. "Mtu akikuambia usilete kitu, si amesema anajua huna?"

Nilishikwa na aibu hadi masikio yakawaka moto. Sisi ambao hata matangani hatuendi bila sukari! Nikashuka mbio nikamwambia Mukami. Alijishika mdomo, akaketi sakafuni, nikadhani atalia. Kumbe anafikiria. Aliinuka, akasukuma sahani zote za kukodi nyuma ya jukwaa, akazifunika kwa pazia, kisha akatoka nje akapaza sauti.

"Majirani, tumeaibika! Pilau iko, sahani hakuna! Tuokoeni!"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mlango mmoja ulifunguka, halafu wa pili, halafu ghorofa nzima. Watu walishuka na sahani, stuli, chupa za chai, mwingine na limau mbili tu. Ukumbi ulifurika hadi msimamizi akakosa pa kuketi.

Awuor aliingia na sahani zake kifuani, watoto nyuma, shingo wima. Akaniangalia toka juu hadi chini.

"Ati sherehe bila sahani? Mama Vivian, kwani nyinyi hamna aibu?"

Nikamwambia hatuna, nikampa mwiko apakue.