Bunduki Nzuri Isiyo na Risasi

Nilifeli mtihani wa uwindaji mara mbili kwa sababu naandika polepole. Nilipofaulu, tonton, kaka yake mama, alifurahi kuliko mimi. Mkulima wa nje ya mji anayetuuzia mbuzi wa sherehe alikuwa anamalizwa kuku na mbweha, na tonton alikwisha kumwambia nitakuja.

Akiba yangu ilitosha bunduki moja tu. Nikikosea, ningekaa na kosa hilo miaka mingi. Bunduki ndogo kabisa, ya kuwindia sungura, ingemjeruhi tu mbweha wa mbali. Na kwetu Kivu babu alikuwa anajaza baruti mwenyewe kwenye maganda ya risasi zake, lakini hapa ughaibuni, Jette, maman alikwisha kusema, "Baruti haiingie mu jikoni yangu!" Jiko lingine hatuna. Kwa hiyo nilitaka risasi zinazouzwa tayari.

Dukani muuzaji, mzee mpole, aliweka bunduki mbili mezani. Moja ilikuwa mpya, ya plastiki nyeusi, caliber yake, yaani kipimo cha risasi, wanaiita deux-deux-deux, mbili-mbili-mbili. Nyingine ilikwisha kutumika, kitako chake cha mti wa jozi kimechongwa majani. Tonton akaikumbatia.

"Mutoto, angalia mbao hii! Hii ni ya chef, ya mukubwa. Ile ingine ni fimbo ya ufagio."

Caliber yake niliijua kutoka kwenye masomo: ya zamani, na wachache wanaiuza. Lakini kumpinga tonton mbele ya mtu wa nje, hapana. Kwetu hilo halifanyiki. Tayari alikuwa anamwambia muuzaji aandike karatasi za kuiuza.

Nikamwambia muuzaji kwa Kifaransa, sauti chini, "Tafadhali, nipe na pakiti mbili za risasi zake."

Muuzaji alitazama rafu. Akapanda ngazi. Akaingia stoo, akakaa huko. Tonton alikuwa bado anapapasa kitako. Mzee akarudi na pakiti moja, nusu tupu. Alisema angeweza kuagiza, ila hakujua zitafika lini. Mwenye bunduki wa kwanza alikuwa anazijaza nyumbani.

"Nyumbani wapi?" tonton akauliza. "Mu jikoni?"

Muuzaji akakubali kwa kichwa. Tonton akanigeukia, akanitazama sana, halafu akaanza kucheka.

"Weye, mutoto! Ulijua. Maman yako angeniua mimi kabla ya weye kuua mbweha."

"Pardon, tonton."

"Pardon ya nini? Umenisaidia bila kunipatisha haya." Akamuuliza muuzaji, "Na ile nyeusi, risasi yake iko?"

Mzee akaonyesha rafu nyuma yake: safu tatu zimejaa, za viwanda mbalimbali.

Tonton akairudisha ile nzuri mezani taratibu, kama anamlaza mtoto wa jirani. Akasogea pembeni, akaniacha peke yangu mbele ya muuzaji.

"Bon. Muwindaji ni weye. Sema."

"Deux-deux-deux," nikasema, na sauti yangu ikajaza duka zima.