Konokono Anayekula Nyama

Mwaka ule wa vita nililinda shule moja ya New Site, hapa Juba. Malipo yangu yalikuwa sahani ya asida, ugali wa huku, na maharage, mchana na jioni, na wakati ule barabara zimefungwa sahani hiyo haikuwa jambo dogo. Niliipoteza kwa sababu ya konokono.

Miaka ya nyuma, nikizurura pwani ya Kenya, nilikuwa nabandua chaza miambani kwa ajili ya mpishi wa hoteli. Huko ndiko nilikomwona: konokono wa kijivu, mfupi kuliko kidole gumba, amemkalia chaza. Maji yakajaa, yakapwa, yeye yupo palepale. Siku ya tatu nikamng'oa. Chini yake gamba lilikuwa na tundu la mviringo, safi, la kupitisha sindano. Mpishi aliniambia konokono huyo hulikwangua kwa ulimi wenye meno, kisha anamla chaza kupitia hapo. Nikaondoka na magamba mawili: hilo, na jingine zima.

Wanafunzi niliwaonyesha langoni. Habari zikamfikia mwalimu mkuu, aliyesomea ualimu Uganda alipokuwa mkimbizi.

"Konokono iko nakula majani," akaniambia. "Mimi iko na kitabu. Wewe uliacha shule darasa la nne, ukatoboa hii na msumari. Kesho mstarini waambie watoto ulidanganya. Ukikataa, beba godoro yako."

"Ustaz, hicho kitabu kimewahi kukaa siku tatu kwenye mwamba?"

"Ulimi yako pia, beba."

Mama mpishi wa shule alinivuta kando ya sufuria. "Mwanangu, sema tu. Konokono iko mbali, haisikii."

Kweli, hasikii. Lakini mimi nasikia.

Asubuhi nikasimama mbele ya watoto. Nikasema mwalimu anaamini tundu hili ni la msumari, basi naomba atutobolee jingine. Nikampa gamba zima, msumari na jiwe. Watoto wote wakimtazama, angekataaje? Akagonga polepole, kwa uangalifu wa fundi saa. Gamba likapasuka vipande vitatu. Akaokota kimoja, akakigeuza, akakitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Godoro," akasema.

Nililibeba kichwani hadi soko la Konyo Konyo, gamba lenye tundu likiwa mfukoni. Siku mbili sikutia kitu tumboni.

Konokono yule anakula nyama.